BOMBA NALO HUSIKIA BARIDI

Sisi wanafunzi wa kutwa tunaokanyaga umande kila alfajiri tunajua kuwa hapa Nyahururu mwezi wa Julai hata neno "sijambo" hutoka mdomoni pamoja na moshi. Mji wetu uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mgeni akiambiwa kwamba mstari wa ikweta umepita hapa karibu, hudhani atatukuta tukijipepea. Akifika hukimbilia soko la mitumba kutafuta koti.

Katika jarida hili tumezoea kusoma mashairi, vitendawili, na makala juu ya ngeli na methali. Hayo yote ni mazuri. Lakini mwalimu mlezi wa chama chetu alituambia kwamba Kiswahili si lugha ya ushairi peke yake, na kwamba anayetaka kukijua kweli ajaribu kueleza kwacho kitu alichokishika kwa mikono yake. Nami basi nimeamua kueleza juu ya bomba. Naam, bomba la maji moto. Tafadhali msifungue ukurasa mwingine kwanza.

CHANZO CHA MAMBO

Nyumbani kwetu hatutumii stima kupasha maji ya kuoga, maana bili yake haina huruma. Tuna boila ya kuni. Kwa wasioijua, boila hii ni pipa la chuma lililosimama nje ya nyumba. Chini yake pana mahali pa moto, na katikati yake hupita dohani ya kutolea moshi. Maji baridi hushuka kutoka kwenye tangi lililoinuliwa juu na kuingia boilani upande wa chini. Yakipata joto huwa mepesi, hupanda, na huko juu ndiko linakoanzia bomba la kwenda bafuni. Bomba letu ni la chuma, la nusu inchi. Hutoka boilani, hufuata ukuta wa nyuma, huzunguka pembe ya nyumba, kisha huingia bafuni. Nimelipima mwenyewe: ni mita 11.

Kazi ya kuwasha boila ni yangu. Nikitoka shule, kabla sijafungua daftari, napasua kuni na kukoka moto. Sisi ni watu sita, na jioni huoga kwa zamu, kila mtu anapomaliza shughuli zake. Julai mwaka jana malalamiko yalianza. Maji ni baridi! Kaka yangu alisema waziwazi kwamba moto wangu ni moto wa mvivu. Nyanya, ambaye magoti humsumbua sana wakati wa baridi, alitoka bafuni siku moja akiwa amejifunga leso, akaniuliza, "Mjukuu wangu, haya maji umeyatoa kwa moto ama umeyatoa mtoni?" Watu walicheka. Mimi nilienda nje kuongeza kuni. Na cha ajabu ni kwamba huko boilani maji yalikuwa karibu kuchemka. Mvuke ulikuwa ukitoka kwenye bomba la kupumulia.

Mama naye alichoka kungoja. Akawa anachemsha maji jikoni kwa sufuria kubwa na kumpelekea nyanya bafuni, akipitia uani. Jioni moja mvua ilikuwa imenyesha na ua wote ulikuwa matope. Mama aliteleza. Maji yalimmwagikia mguu wa kushoto. Tuliuweka mguu chini ya mfereji wa maji baridi kwa muda mrefu, kisha tukampeleka zahanati. Kwa wiki mbili hakuweza kusimama sokoni kwenye kibanda chake cha mboga, na mnajua wenyewe kibanda kikifungwa wiki mbili nyumbani kunakuwaje. Hakuna aliyenilaumu. Lakini kila nilipoiona ile bendeji nilisikia kama inaniita kwa jina.

Usiku ule tuliporudi kutoka zahanati, nilienda nyuma ya nyumba nikapitisha mkono juu ya lile bomba. Karibu na boila lilikuwa haligusiki. Penye pembe ya nyumba lilikuwa vuguvugu. Mahali linapoingia bafuni lilikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje. Hapo ndipo nilipotambua kwamba moto wangu haukuwa na kosa. Joto lilikuwa likitoka boilani salama salimini, kisha likitorokea njiani.

JOTO HUTOROKA VIPI?

Maneno haya nilimpelekea mwalimu wetu wa fizikia. Yeye hakunijibu, bali aliniuliza:

"Hilo sweta lako lina moto ndani?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa mbona unalivaa?"

Nilidhani ananitania. Kumbe ndilo lilikuwa somo lenyewe. Sweta halileti joto. Joto ni la mwili wako. Sweta hulichelewesha tu, lisiondoke haraka. Wenzangu, hili neno "kuchelewesha" tulishike vizuri, maana mbele tutalihitaji tena.

Kitu chenye joto kikikaa karibu na kitu baridi, joto huhama kutoka kwenye kile cha moto kwenda kwenye kile cha baridi mpaka vyote viwili viwe sawa. Huhama kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya kupokezana. Chembe zenye joto hutikisika na kuwatikisa majirani zao, nao majirani huwatikisa wengine, kama habari inavyopita kwenye mstari wa gwaride. Ndiyo sababu kijiko cha chuma ukikiacha ndani ya chai kitakuunguza huku mwisho wa mpini. Ya pili ni ya kubebwa. Hewa inayogusa bomba hupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda na joto lake, na hewa nyingine baridi ikaja mahali pake kuchukua mzigo wake. Upepo ukivuma, wachukuzi hao huongezeka na kuharakisha kazi. Ya tatu ni mnururisho, yaani joto kutoka bila kubebwa na kitu chochote, jinsi lile la jua linavyotufikia.

Tena vitu havipitishi joto sawa. Chuma cha bomba hupitisha joto karibu mara 2,000 kuliko hewa iliyotulia. Hewa! Wengi tunadhani sufu na sponji zina nguvu fulani za ajabu, lakini siri yao ni hewa iliyofungiwa ndani ya vijitundu vyake. Ikiwa imefungiwa, haiwezi kupanda na kubeba joto. Inabaki pale pale, na kwa kupokezana peke yake ni mvivu kupindukia. Kitu cha namna hii, kinachozuia joto kupita upesi, ndicho kinachoitwa kihami. Blanketi ni kihami. Manyoya ya kuku ni kihami, na ndiyo maana kuku akisikia baridi hujifutua ili afungie hewa zaidi.

MAJI YALIYOLALA

Mwalimu aliniazima kipimajoto cha maabara, kwa sharti kwamba nikikivunja nitakilipia. Nilikibeba kama yai.

Jioni ya kwanza nilifungua mfereji wa bafuni wote, nikaacha maji yatoke mpaka joto likatulia. Kipimajoto kilisema nyuzi 58 za Selsiasi. Nilishangaa. Ikiwa bomba linapoteza joto, mbona haya yanafika moto hivi? Nikafunga mfereji. Nikangoja nusu saa, nikafungua tena, nikapima kikombe cha kwanza kilichotoka. Nyuzi 29! Hewa ya nje jioni hiyo ilikuwa nyuzi 13.

Jawabu ni hili. Bomba la nusu inchi hubeba karibu lita 0.2 za maji kwa kila mita. Bomba letu la mita 11 basi lina lita 2.2 ndani yake wakati wote. Mfereji ukiwa umefunguliwa sana, tuseme lita 6 kwa dakika, maji hupita bombani kwa sekunde 22 hivi, na katika muda huo mfupi hupoteza kama nyuzi moja tu. Lakini mtu akimaliza kuoga na kufunga, lita 2.2 hubaki zimelala ndani ya chuma huko nje kwenye upepo. Hizo ndizo zinazokufa baridi. Anayekuja baada yake huzikuta, na inambidi azimwage, na tena angoje chuma chenyewe kinywe joto lake kwanza.

Kisha nikamkumbuka nyanya. Nyanya ni mtu wa kuhurumia maji. Yeye hufungua mfereji kidogo tu, utoke kama uzi. Kwa lita moja kwa dakika, maji ya baridi yaliyolala humtokea kwa zaidi ya dakika mbili. Na hata yale ya moto yakija, yamekaa bombani muda mrefu hivi kwamba hupoteza karibu nyuzi 6 njiani. Kaka yangu anayefungua kama anazima moto wa nyumba alikuwa akilalamika kwa kelele, lakini aliyekuwa akiumia zaidi ni yule aliyeuliza mara moja tu, tena kwa mzaha.

Tufanye hesabu kidogo, msiogope. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja huhitaji jouli 4,200 hivi. Lita 2.2 kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 58, yaani kupanda nyuzi 43, zitahitaji 2.2 × 4,200 × 43, ambayo ni karibu jouli 400,000. Kilo moja ya kuni kavu ikiungua hutoa kama jouli milioni 16, lakini sehemu kubwa hupotea na moshi. Tuseme robo tu ndiyo inayoingia majini, yaani jouli milioni 4. Basi kila mara bomba zima likipoa kabisa, umetupa gramu 100 za kuni, bila kuhesabu joto lililomo kwenye chuma. Likipoa mara nne kwa siku, ni gramu 400. Kwa mwezi wa siku 30 ni kilo 12. Na hizo kilo 12 nilikuwa nikizipasua mimi.

KOSA LANGU LA KWANZA

Haraka haraka haina baraka. Siku iliyofuata nilitafuta magunia mawili ya katani, nikayakata vipande virefu, nikalizungushia bomba lote na kulifunga kamba. Lilionekana kama mkono uliovunjika. Nilijisifu sana mezani. Usiku mvua ikanyesha.

Jioni nilipima vilevile: mfereji wazi mpaka nyuzi 58, funga, nusu saa, fungua. Kipimajoto kilisema nyuzi 24. Msomaji, hukusoma vibaya. Bomba lililovaa gunia lilikuwa baridi kuliko bomba lililokuwa uchi!

Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilirudi kwa mwalimu nimenyongea, naye akanieleza. Gunia likilowa, hewa iliyokuwa kwenye vitundu vyake hutoka na maji huingia mahali pake, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Tena maji yakikauka kutoka kwenye gunia huondoka na joto. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa njia hiyo hiyo: hutoa jasho, jasho likikauka, maji ya ndani yanakuwa baridi na matamu. Mimi nilikuwa nimejitengenezea mtungi wa urefu wa mita 11.

SWETA LA PILI

Jirani yetu mmoja ni fundi wa mifereji. Aliponiona nikiyafungua yale magunia aliniita. "Kijana," akasema, "bomba huvishwa nguo mbili. Moja ya joto, moja ya mvua. Wewe umempa ya joto peke yake halafu ukamsimamisha nje."

Nilifuata maneno yake. Haya ndiyo niliyofanya, na yeyote anaweza kuyafanya.

Kwanza nilikagua viungo vyote vya bomba. Kimoja kilikuwa kikidondosha, fundi akakikaza. Bomba linalovuja halifunikwi, maana litalowesha nguo yake kutoka ndani, na kutu italila bila mtu kuona.

Pili, nguo ya joto. Nilipata masweta mawili ya sufu yaliyochakaa, na sponji ya godoro kuukuu. Nilivikata vipande, nikazungushia bomba unene wa sentimita 2 hivi, kama upana wa kidole gumba. Nilifunga kwa uzi bila kukaza sana, kwa sababu ukibana sponji unafukuza ile hewa unayoitaka. Pembe na viungo nilivifunika pia. Ukiacha mahali pamoja uchi, joto litapita papo hapo kama mbuzi aonaye pengo kwenye ua.

Labda utauliza, mbona nisiweke unene wa sentimita 10? Nilimwuliza mwalimu, tukapiga hesabu pamoja. Bomba kama letu likiwa uchi, na maji ya nyuzi 58 ndani na hewa ya nyuzi 13 nje, hupoteza kama wati 36 kwa kila mita. Likivishwa kihami kikavu cha sentimita 2, hupoteza kama wati 10. Ukiongeza kiwe sentimita 4, hushuka hadi wati 7 hivi. Sentimita za mwanzo ndizo zinazofanya kazi kubwa. Masweta yako mengine yavae mwenyewe.

Tatu, nguo ya mvua. Juu ya sufu na sponji nilizungusha karatasi ya nailoni, na juu yake vipande vya tyubu kuukuu za baiskeli, kwa kuwa jua hupasua nailoni ikiachwa wazi. Mahali bomba linaposimama wima nilianza kuzungusha kutoka chini kwenda juu, ili kila mzunguko ulalie ule wa chini yake, jinsi vigae vinavyolaliana kwenye paa. Mahali linapolala, mshono niliuelekeza chini. Mvua ikija itateleza na kwenda zake. Mwenye pesa anaweza kwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi akanunua mirija myeusi ya sponji iliyotengenezwa kwa kazi hii. Huwa imepasuliwa ubavuni, unaivisha bomba kama soksi. Sisi tulitumia tulichokuwa nacho.

Nilimaliza Jumamosi. Jioni nilipima. Nyuzi 58, funga, nusu saa, fungua. Nyuzi 46! Nilipima mara ya pili nikidhani nimekosea. Kutoka nyuzi 29 hadi 46, kwa masweta mawili na godoro lililokuwa linangoja kutupwa. Jumatatu ilinyesha, nikapima tena nikitetemeka. Nyuzi 45. Nguo ya pili ilikuwa imefanya kazi yake.

ASUBUHI YA JUMAPILI

Sasa niwaambie jambo ambalo lingenifanya niung'oe ule mzigo wote. Asubuhi baada ya kumaliza kazi yangu, niliamka mapema nikafungua mfereji nikitarajia maajabu. Maji yalitoka na nyuzi 14. Baridi kama kawaida!

Hapa ndipo lile neno "kuchelewesha" linarudi. Sweta la bomba halizuii joto milele. Katika nusu saa bomba letu lilipoteza nyuzi 12 badala ya 29. Lakini usiku una saa nyingi, na kwa muda wa saa kumi hata aliyevaa vizuri hufika mahali pale pale alipofika aliye uchi. Ukivua sweta lako ukaliweka mezani, asubuhi halitakuwa na joto. Hakuna moto ndani yake. Lita 2.2 za bombani hazina moto wa kuzisaidia usiku kucha.

Kwa hiyo kufunika bomba kunamfaa zaidi mwenye nyumba yenye watu wengi wanaofuatana, jioni kama yetu, ambapo maji hulala dakika 20 au 40 kati ya mtu na mtu. Kwa anayeoga peke yake alfajiri mara moja tu kwa siku, faida ni ndogo. Huyo yampasa kukinga yale maji ya kwanza kwenye ndoo, aoshee vyombo, asiyamwage. Na anayejenga nyumba sasa hivi asikie maneno ya fundi wetu: bomba zuri kuliko yote ni bomba fupi. Ukiweka boila karibu na bafu, umemaliza nusu ya shida kabla hujanunua hata uzi. Tena usidanganywe kwamba bomba nene ni bora kila mahali. La robo tatu inchi hubeba karibu mara mbili ya maji ya lile la nusu inchi, na yote hayo yatalala.

Wenzetu wa nchi za baridi kama Uingereza wanalijua hili zaidi, kwa sababu huko maji ya moto hayaendi bafuni tu. Katika nyumba nyingi huzungushwa kwa mabomba mpaka kwenye vyuma vipana vilivyowekwa ukutani, ili vyumba vyenyewe vipate joto. Sasa fikirini: je, mabomba yale yote yavishwe? La. Bomba lililo ndani ya chumba, joto likitoka linabaki chumbani na watu wanaliota. Lakini lile linalopita chini ya sakafu au juu ya dari hupasha panya peke yao. Hilo ndilo la kuvishwa. Basi kila mahali swali ni moja: joto likitoka hapa, linamfaa nani? Likiwa halimfai mtu, funika.

TAHADHARI

Kabla sijaweka kalamu chini, nina mambo matatu ambayo ningeomba yasomwe hata na aliyeruka yote ya juu.

Moja: usiguse bomba la kupumulia. Ni lile linalosimama juu ya boila na kuachwa wazi. Mtu anaweza kuona mvuke unatoka humo akafikiri ni joto linalopotea bure, akaliziba. Maji yakichemka bila pa kutolea mvuke, pipa laweza kupasuka na kuua. Liache lipumue.

Mbili: sponji na nailoni visikaribie moto wala dohani. Sponji hushika moto upesi sana, na moshi wake ni sumu. Mimi niliacha mita moja ya kwanza kutoka boilani bila kuifunika. Ndiyo, inapoteza joto. Afadhali joto kuliko nyumba.

Tatu: maji yatafika yakiwa moto kuliko mlivyozoea. Maji ya nyuzi 58 huunguza ngozi, na ya mtoto upesi zaidi. Anza na maji baridi kwenye karai, kisha ongeza ya moto, na ujaribu kwa mkono kabla ya kumwogesha mtoto au mzee. Sisi kwetu hatuhitaji kuambiwa mara mbili.

TAMATI

Mguu wa mama umepona, ila umebaki na alama. Hapeleki tena sufuria bafuni. Kuni sijazipima kwa mizani, lakini mzigo uliokuwa ukiisha Ijumaa sasa hutufikisha Jumapili, hasa kwa kuwa siku hizi sikoki moto wa kushindana na bomba. Nyanya bado anafungua mfereji utoke kama uzi. Siku moja alitoka bafuni, akapita nilipokuwa nikisoma, akasema tu, "Leo hukwenda mtoni." Nami nikaendelea kusoma, lakini ukurasa ule niliusoma mara tatu.

Kipimajoto nilikirudisha maabara kikiwa kizima.

Wanafunzi wenzangu na walimu wangu, mtu akilalamika kwamba maji ni baridi, ni rahisi kumtafuta aliyewasha moto. Ukirudi nyumbani leo jioni, kabla ya kumlaumu, nenda nyuma ya nyumba ushike bomba kwanza.